Kamera ya kwanza: nenda na tochi

Hatua ya 1. Gawa pesa. Wengi huzimaliza kwenye bodi, yaani mwili wa kamera bila lenzi, wakabaki na lenzi ya kuvuta ya 18-55mm iliyokuja nayo, kisha picha za harusi ya usiku zikajaa chenga. Chukua bodi ya mtumba, ya miaka ya nyuma, akiba iwe ya lenzi. Hiyo 18-55 usiitupe. Mchana pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, inatosha kabisa.

Hatua ya 2. Chagua lenzi. Ukiivuta 18-55 hadi mwisho, tundu la kuingiza mwanga huishia f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ile 50mm f/1.8, ambayo ni ya bei nafuu, huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Ila kwenye Canon za sensa ndogo (sensa ni kile kibamba kinachopokea picha) huona kama 80mm, yaani eneo jembamba zaidi. Vichochoroni Mji wa Kale utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta wa jirani, na mlango wa nakshi bado haujaingia wote. Kwa huko, 24mm, inayoona upana zaidi.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Unyevu wa kwetu huotesha kuvu ndani ya vioo. Vua lenzi, toa vifuniko vyote viwili, mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, rudisha. Mimi ya kwanza niliikagua juani, mlangoni mwa duka, ikang'aa kama mpya. Nyuzi nilikuja kuziona nyumbani usiku, na muuzaji simu hapokei tena.

Hatua ya 4. Weka tundu dogo la f/16, piga anga tupu, kuza picha. Madoa yasiyohama picha hadi picha ni uchafu wa sensa. Husafishika, lakini bei ishuke.

MASWALI

Nimepata Nikon D3200 na lenzi kuukuu ya AF-D. Nichukue?
Lenzi za AF-D hutegemea mota ya fokasi iliyo ndani ya bodi, na bodi hiyo haina, kaka. Utazungusha kwa mkono, na bibi harusi hatakusubiri.

Nikitoka kwenye AC lenzi inafunga ukungu, nifute?
Usifute, dada. Iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa, ipate joto la nje polepole.

Kabati la nguo lafaa kuhifadhia?
Hapana, hewa imetuama humo. Tafuta kopo la plastiki linalobana, utie vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikichoka, badilisha.