Anza na sekunde 50, Forodhani
Kabla hujagusa programu ya kuhariri video, fanya zoezi hili nililofunzwa mwaka wa kwanza. Filamu za ndugu wawili Lumière, Wafaransa waanzilishi wa sinema, zilizooneshwa Paris Disemba 1895 zilikuwa za sekunde 50 hivi, kamera imetulia pahala pamoja. Nawe fanya hivyo.

Nenda Forodhani, pwani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, saa kumi na mbili kasoro jioni, vijana wakiruka baharini. Waombe ruhusa kwanza. Weka simu kwenye stendi, ilaze ubavu, usiiguse tena. Jua litakuwa mbele yako, kwa hiyo pima mwanga kwenye anga. Miili itatoka myeusi, mizuri mno. Acha nafasi tupu upande wa maji, waingie wenyewe. Sauti irekodi peke yake, kando na picha, maana upepo huiharibu.

Nilirudia mara tisa. Ya mwisho, mtoto mmoja alisita ukingoni, akaangalia nyuma, ndipo akaruka.