Michoro ya matunda: itundike kwa kundi, mbali na jua

Michoro ya Kichina ya karne ya 19 ya doriani na shokishoki, kama ile ambayo William Farquhar, afisa wa Uingereza, aliagiza ichorwe kule Malacca (leo ni Malaysia), hupendeza ikitundikwa minne au sita pamoja, fremu nyembamba za mbao, nafasi ya vidole vitatu kati yake. Mmoja peke yake kwenye ukuta mpana hupotea. Ukuta wenye maua maua utagombana nayo, mweupe unatosha.

Jua ndilo adui. Rangi za maji zikishapauka hazirudi, kwa hiyo sebule yenye mwanga mkali ipe nakala iliyochapwa, na mchoro halisi ukae ukumbini kivulini. Mwambie fundi wa fremu aweke kadi isiyo na asidi kuzunguka mchoro ili karatasi isiguse kioo, la sivyo unyevu utaleta ukungu.