Picha moja kila siku: toka mapema

Kama unapiga picha moja kila siku hapa Nairobi, hata na simu tu, toka asubuhi mapema. Tuko karibu na ikweta, jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu na linapanda haraka sana, so ule mwanga laini haukai, ikifika saa nne vivuli vishakuwa vikali na macho ya watu yanaingia giza. Mimi napenda soko la Gikomba wakati watu wanapanga mitumba, lakini omba ruhusa kwanza, mwambie tu "mama, naweza kukupiga picha?" Gusa skrini pale penye mwanga mwingi ndio anga isitoke nyeupe tupu. Na Oktoba usikose jakaranda, maua yanafunika lami yote, raha sana!