Kigoda cha mninga kando ya sofa la kisasa

Ukiwa Tabora, kabla hujanunua meza ya kioo ya sebuleni, kaangalie kile kigoda cha mninga kilichosahaulika stoo kwa bibi. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu, kikauke kivulini, kisha pitisha msasa laini kufuata nyuzi za mbao na upake vanishi isiyo na rangi, ile isiyong'aa. Rangi ya mafuta usiipake, tafadhali! Mninga una wekundu wake wa kahawia, na kando ya sofa la kijivu unapendeza mno. Ukiona vitundu vinavyotoa unga, kuna wadudu; tibu kwanza ndipo ukiingize ndani.

Tatizo ninaloliona majumbani ni kujaza: ungo, vibuyu, mkeka na vitenge, vyote ukuta mmoja. Chagua kitu kimoja kitawale. Pale Tembe la Kwihara, nyumba ya kale karibu na mji wa Tabora alikokaa mvumbuzi Livingstone, mlango wa nakshi unavuta macho kwa sababu kuta zinazouzunguka ni tupu. Basi ungo mmoja mkubwa juu ya sofa unatosha, na mito miwili ya kitenge chenye rangi iliyopo tayari kwenye pazia au zulia.

Kibuyu kikavu kinafaa sana kufunika taa. Toboa matundu madogo na uweke balbu ya LED ya wati 3 hadi 5, maana haichemki kama zile za zamani. Chagua yenye mwanga wa njano. Mweupe unafanya mbao zionekane zimefifia.