Namna ya Kuandika Hadithi ya Ajabu Inayotokea Nyumba ya Kupanga

Mwandishi chipukizi anayetaka kumwandika jini katika mji wa leo mara nyingi hupoteza kurasa zake za mwanzo kwa kazi isiyohitajika: humfanya mhusika akatae alichokiona, ajiulize kama anaota, kisha abishane na dunia nzima mpaka aaminiwe. Mpangilio huo unafaa katika jamii ambayo mtu akisema ameona jini huonekana amerukwa na akili. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja mambo hayaendi hivyo. Mtu akisimulia saa kumi jioni kwamba mlango wa chumba kisicho na mtu umefunguka wenyewe, kabla ya magharibi atakuwa ameshatajiwa mganga wa Bagamoyo, sheikh wa kumsomea dua na kanisa la maombezi, na kila jirani atakuwa na kisa chake cha kuongezea. Kwa hiyo usiujenge mgogoro wa hadithi juu ya swali la kama kitu hicho kipo. Ujenge juu ya maswali ambayo watu wa nyumba ile wangeulizana kweli: ni kitu gani, kimeletwa na nani, kinataka nini, na nani atatoa fedha za kukiondoa.

Kabla ya kuandika hata sentensi moja, mchague kiumbe wako na uzijue desturi zake. Viumbe wa mwambao hawafanani, na msomaji aliyelelewa na bibi yake atakukamata mara moja ukiwachanganya. Jini, kwa mafundisho ya Kiislamu, ameumbwa kwa moto, ana akili na hiari, anaweza kuwa mwema au mwovu, Mwislamu au kafiri. Pepo, kwa wanaocheza ngoma zao, humpanda mtu kichwani, na mtu huyo huitwa kiti chake. Wako wa makabila mbalimbali, na Unguja wanajulikana ruhani wanaohusishwa na Uarabuni na kibuki wanaohusishwa na Bukini, yaani Madagaska, kila kundi na mavazi, nyimbo na mapendeleo yake. Mzimu umefungamana na wafu na mahali: pango, mbuyu, kaburi la mkubwa wa ukoo. Chunusi huwavuta waogeleaji chini ya maji. Msukule ni mtu aliyezikwa mbele ya ndugu zake, ilhali inaaminika kuwa yu hai na anatumikishwa usiku na aliyemchukua. Mchawi ni binadamu, na kwa sababu hiyo ndiye wa hatari kuliko wote kumwandika, nitarudi kwake.

Ukishamchagua, mpe sharti moja tu, uliandike kwenye karatasi na usilivunje. Kisa cha popobawa, kiumbe aliyesemekana kuwaingilia watu usiku vitandani mwao, kinaonyesha sharti linavyofanya kazi. Hofu yake ilienea Pemba na Unguja mwaka 1995, mwaka ule ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi ya 1964, na watu waliviacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi. Ilisemwa kwamba aliyeshambuliwa asipowatangazia wenzake, popobawa atamrudia. Tazama nguvu ya neno hilo: jambo la aibu ambalo mtu angelificha hata kwa mama yake linalazimika kutangazwa, na kila tangazo linazidisha hofu ya mtaa mzima, ambayo nayo inazaa matangazo mengine. Hapana haja ya damu wala kelele. Sharti lenyewe linatembeza hadithi kutoka nyumba hadi nyumba.

Imani zetu, tena, hazijabaki porini. Chuma ulete, ile imani kwamba mteja anaweza kulipa kwa noti ambayo ikiingia kwenye droo ya duka huondoka na mauzo ya siku, ni imani ya watu wanaohesabu fedha kila jioni, na leo wapo mawakala wa fedha za simu wanaoihofia kama mwenye genge anavyoihofia. Mwandishi anayesema mambo haya yamepitwa na wakati hajakaa dukani.

Sasa tujenge mfano mmoja kwa utaratibu. Chukua nyumba ya kupanga Tandika, Dar es Salaam, vyumba sita, mita moja ya luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Wapangaji huchanga, mmoja wao hununua umeme kwa simu na kuingiza zile tarakimu 20 mbele ya wenzake ili pasiwe na maneno. Mzee Kondo, mpangaji wa chumba cha uani, alitoa mchango wake Alhamisi na akafariki Ijumaa alfajiri. Chumba chake kimetiwa kufuli kikiwasubiri ndugu zake wa Kisarawe waje kuchukua vyombo. Tangu siku hiyo umeme unakwisha kabla ya wakati, na usiku feni inasikika ikizunguka chumbani kwa marehemu. Sharti ni hili: Mzee Kondo anatumia umeme alioulipia, hachukui hata kidogo cha mtu mwingine, na ukiisha ataondoka. Wewe mwandishi unalijua. Wapangaji hawalijui.

Hatua inayofuata ni hesabu, na nakuomba usiidharau, kwa maana hadithi za aina hii hufia hapo. Feni ya wati 50 ikizunguka kwa muda wa saa kumi hutumia nusu uniti. Tuseme mchango wa Mzee Kondo ulinunua uniti 14. Basi anazo usiku 28, na bila kujisumbua umepata urefu wa hadithi yako: majuma manne tangu maziko. Hesabu hiyo hiyo inakupa jambo kubwa zaidi. Nusu uniti kwa usiku ni kidogo mno kuweza kumaliza luku ya nyumba nzima kabla ya siku zake. Pasi ya umeme ya wati 1,000 inakula kiasi hicho kwa nusu saa. Kuna mtu hai, basi, anayepiga pasi nguo za biashara au kupikia jiko la umeme mlango ukiwa umefungwa, na lawama yote imemwangukia marehemu, ambaye ndiye mpangaji pekee anayetumia haki yake bila kuzidisha. Sikulitafuta wazo hilo kwenye njozi. Limetoka kwenye wati na uniti. Maisha ya kawaida yakiandikwa kwa usahihi yanazaa ajabu yenyewe, na mwandishi anayeruka hesabu hulazimika kuleta majoka na vichwa vinavyoruka ili kujaza pengo.

Kisha mpe kila mpangaji maelezo yake, na kila maelezo yawe na uzito. Mama Salma anasema chumba kikikaa kitupu jini huhamia, na hilo kila mtu amelisikia tangu utotoni. Baba Neema anasema marehemu hajaridhika, pengine kwa sababu arubaini haijafika na hakuna aliyewapigia simu ndugu zake tena. Kijana fundi simu wa chumba cha mbele anasema nyumba ya pili wamejiunganishia waya, na anayo tochi na bisibisi ya kuthibitishia. Mwenye nyumba anataka chumba kipangishwe upya mwezi huu, na tayari ana kinyongo na wapangaji kuhusu kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa humo humo kwenye luku. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mjinga. Ukimfanya yeyote awe wa kuchekwa, msomaji ataacha kumsikiliza, na mgogoro wako utabaki na upande mmoja.

Katika uandishi wa sentensi zenyewe, jiepushe na hofu iliyokopwa. Giza nene likitanda, upepo wa ajabu ukavuma na moyo ukamwenda mhusika mbio, msomaji anakuwa ameshayasoma hayo mara nyingi na hayamgusi tena. Linganisha na kipande hiki:

Mama Salma alitoka kwenda chooni saa nane usiku. Alipopita chumba cha uani alisikia feni. Ilikuwa na kasoro yake ile ile, inagonga kila inapogeukia dirishani, na Mzee Kondo alikuwa akiahidi kila mwezi kwamba ataipeleka kwa fundi. Akalitazama kufuli. Lilikuwa limefungwa. Akaenda chooni, akarudi, akalala, na asubuhi akauliza safari hii mchango wa umeme aliukusanya nani.

Hapo hakuna neno hofu. Kuna kasoro ya feni, kufuli, na mwanamke ambaye swali lake la asubuhi linafungua ugomvi badala ya kupiga kelele.

Mazungumzo yanahitaji uangalifu uo huo. Katika nyumba kama hiyo hakuna anayemwita Mama Salma kwa jina lake la kuzaliwa, na mtu hamtuhumu mwenzake waziwazi. Hupiga kijembe akiwa anafua, akijua kuwa anayehusika yuko dirishani. “Jamani, sisi wengine tuna feni tu,” atasema mmoja. “Feni tu, Mama Salma? Na ile pasi ya Jumapili usiku?” “Baba Neema, naomba tusifike huko.” Jiulize pia kijana fundi simu atafanya nini akipita mlango wa chumba cha uani na kusikia feni. Amezoea kumwamkia mzee yule kila siku. Je, atasema shikamoo? Na akishaisema, atasimama asubiri marahaba, au ataharakisha asije akaisikia? Mistari mitatu juu ya shikamoo hiyo itamtetemesha msomaji kuliko ukurasa mzima wa vivuli.

Suala la tiba ndilo lenye utajiri kuliko yote, na ndilo linaloandikwa vibaya kuliko yote. Waandishi wengi wameazima vita vya kumfukuza pepo, ambapo mtu mmoja mwenye nguvu anapaza sauti mpaka kiumbe kinakimbia. Katika ngoma ya kupunga jambo la msingi ni mazungumzo. Pepo huulizwa jina lake, kabila lake na anachotaka. Anaweza kutaka kitambaa cha rangi fulani, marashi, pete au karamu, na mara nyingi haondolewi moja kwa moja, bali huwekewa makubaliano na kiti chake, makubaliano ambayo huenda yakadumu maisha yote na kudai kukumbukwa kila baada ya muda. Kwa mwandishi hiyo ni hazina, kwa sababu mwisho wa hadithi unaweza kuwa mkataba, na mkataba unaweza kuvunjwa, kusahauliwa au kurithiwa na binti. Kama tiba ni ya kombe, eleza zafarani, sahani nyeupe, aya zilizoandikwa na maji yaliyoziosha kabla ya kunywewa. Kama ni ubani, onyesha chetezo kimetoka chumbani kwa nani, kwa maana aliyetoa chetezo amekubali hadharani kwamba kuna jambo. Taja pia gharama: nani amechanga, nani amekataa, nani amelipa kwa simu na salio lake limebaki kiasi gani. Na usiwadhihaki sheikh, mganga wala mchungaji. Waandike kama watu walio kazini, wenye ujuzi na uchovu wao.

Sasa nirudi kwa mchawi. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyogeuka mekundu kwa miaka ya kupikia kwenye moshi wa kuni na samadi. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, na mara nyingine nyuma ya tuhuma kulikuwa na shamba la kurithi. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa nchini Tanzania kwa imani kwamba miili yao huleta utajiri. Katika hofu ile ya popobawa ya 1995, mtu mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati mjini Unguja. Kalamu yako inaingia katika mazingira hayo, na haina ruhusa ya kuwa upande wa umati. Usimwandike bibi mwenye macho mekundu kisha ukathibitisha ukurasa wa mwisho kwamba kweli alikuwa mchawi. Usimfanye mtu mwenye ualbino kuwa alama ya bahati wala ya mkosi. Andika tuhuma, kwa kuwa tuhuma ipo na ina wahusika wake, lakini onyesha inaanzia mdomoni mwa nani na nani anafaidika nayo. Katika mfano wetu, mwenye nyumba anayetaka chumba chake haraka ana sababu nzuri ya kumtaja mwanamke fulani aliyekuwa akimpelekea Mzee Kondo uji.

Kuhusu mwisho, zuia mkono wako usieleze. Usiku wa 28 feni itasimama. Mwandishi mwenye pupa atamfanya mtu agundue daftari la marehemu lenye hesabu zote, na wapangaji walie kwa pamoja. Napendelea zaidi uache wapangaji wakae kwenye mchango unaofuata, umeme uendelee kwisha mapema kama kawaida, na safari hii pasiwepo marehemu wa kusingiziwa. Mama Salma atazame mlango wa nani, hilo uamue wewe.

Ukimaliza rasimu, usimpe kwanza mwandishi mwenzako. Mpe mtu aliyewahi kuchangia luku kwenye nyumba ya wapangaji wengi, umsomee kwa sauti, na usimuulize kama amepata hofu. Muulize kama watu wale wangegombana hivyo, kama kiasi cha mchango kinaingia akilini, na kama mwanamke angepita uani saa ile peke yake bila kumwamsha mtoto amsindikize. Pale atakaposema “hapo hapana”, chora mstari, kisha urekebishe hilo kabla hujagusa feni.