Somo: Kurudisha umakini baada ya kiharusi, hatua kwa hatua

Mgonjwa ameanza kutembea, anaongea, ndugu wanashukuru. Kisha mnaona anaacha jiko likiwaka, au mazungumzo yanampotea katikati. Watu husema amekuwa msahaulifu. Mara nyingi jambo halikusahauliwa. Halikuingia kichwani tangu mwanzo, kwa sababu umakini haukuwepo. Ndiyo maana tunaanza na umakini.

Hatua ya 1. Mwombeni daktari aangalie mambo mengine yanayofifisha akili. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, humpata takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu baada ya kiharusi, na inatibika. Pia usingizi mbovu, dawa zinazolewesha, macho na masikio.

Hatua ya 2. Zima redio na televisheni. Aongee naye mtu mmoja, kwa sentensi fupi, halafu asubiri jibu. Kumrudishia swali kabla hajajibu ni kumwanzishia kazi upya.

Hatua ya 3. Chagua kazi moja halisi ya kila siku. Tuseme kuvaa shati. Ametia mkono wa kwanza, mtu akamwita, akageuka kuitika. Shati likabaki linaning'inia begani na yeye haoni kasoro. Mfundishe kujisemea kwa sauti: "Mkono dhaifu, mkono mzima, kola, vifungo." Akikatizwa, arudie maneno hayo tangu mwanzo ajue amefikia wapi. Mazoezi yawe mafupi, na apumzike kabla hajachoka. Uchovu wa kiharusi si uvivu. Akizoea kuvaa bila kukwama, ndipo mruhusu redio ya sauti ndogo. Msiharakishe hapa, nawasihi.

Hatua ya 4. Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mgonjwa anaweza kupuuza upande wa kushoto: ananyoa shavu moja, anaacha nusu ya sahani. Macho yanaweza kuwa mazima kabisa. Anaposoma, chora mstari mwekundu ukingo wa kushoto wa ukurasa. Autafute kabla ya kuanza kila mstari.

Hatua ya 5. Daftari moja tu, na kengele ya simu. Asione aibu kuvitumia.

Maswali ya wanachama

*Mama ana miezi minane sasa tangu apate kiharusi. Tumechelewa?*
Hapana, dada. Nafuu huja kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, kisha hupungua mwendo, lakini haifungi mlango. Anza na hatua ya 1.

*Michezo ya simu ya kunoa akili inasaidia?*
Humfanya awe hodari wa mchezo wenyewe. Faida yake kwenye shughuli za nyumbani ni ndogo. Muda huo mimi ningeupeleka kwenye shati.

*Mzee anakana kuwa ana tatizo, na anataka kuendesha gari.*
Pole, kaka. Huenda si ubishi. Ubongo ulioumia unaweza kushindwa kuiona hitilafu yake. Msibishane. Kabla ya kazi, mwulize anadhani itamchukua muda gani na wapi atakwama, kisha mlinganishe pamoja baadaye. Akijionea mwenyewe hupokea vizuri zaidi. Gari asiliguse mpaka apimwe na daktari aruhusu.

*Jana alikuwa mzima, leo ghafla hatuelewi anachosema. Tuongeze mazoezi?*
Acheni mazoezi, mpelekeni hospitali sasa hivi. Kiharusi kinaweza kurudi. Uso ukipinda upande, mkono ukilegea au usemi ukivurugika, angalieni saa dalili zilipoanza. Daktari ataiuliza kwanza, maana baadhi ya matibabu hutolewa ndani ya saa chache tu.