Kabla ya kumnunulia kiziwi simu

Muuzaji wa simu Darajani, mjini Unguja, akitaka kukuonesha kwamba simu ni nzuri, kwanza atakupigia muziki. Atapandisha sauti mpaka mwisho, kisha ataanza kukutajia megapikseli za kamera ya nyuma. Kwa mteja aliye kiziwi, yote hayo ni kazi bure. Na mara nyingi kiziwi mwenyewe hata dukani hayupo. Simu kaichagua kaka aliyeko mjini, au shangazi aliyeko Dubai, kwa mapenzi tu, na ikifika Wete au Makunduchi inakutwa ina spika kubwa na kamera ya mbele isiyoona kitu taa ikiwa hafifu.

Kwa hiyo la mwanzo ni mwenyewe awepo. Aishike, aitie mfukoni, ajitazame kwenye kioo chake. Ikiwa hawezi kufika dukani, apigiwe video kwa simu ile ile inayotaka kununuliwa, aone picha inayomfikia. Jamaa zake wanajua bei, lakini mikono inasomekaje kwenye kioo cha inchi sita hawajui. Kama ana wenzake katika Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA, awaulize wanatumia simu gani na imewachosha kwa lipi. Jibu la mtu aliyeitumia mwaka mzima lina uzito kuliko maneno ya muuzaji.

Halafu jueni mnamnunulia nani. Kijana anayezungumza kwa Lugha ya Alama ya Tanzania tangu utotoni na mzee ambaye masikio yamempungua nguvu ukubwani wote huitwa wasiosikia vizuri, lakini simu zao ni mbili tofauti. Kijana anahitaji kamera, mtetemo na intaneti, sauti haimhusu. Mzee anahitaji sauti safi, na pengine hajawahi kupiga video maishani mwake. Yupo na wa tatu, anayevaa shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia kusikia, ambaye shida yake ni simu kugombana na kifaa chake.

Nianze na wa lugha ya alama, maana ndiye anayeuziwa simu isiyomfaa mara nyingi zaidi.

Yeye huzungumza kwa kamera ya mbele, si ya nyuma. Na kamera hiyo haihitaji megapikseli nyingi. Inahitaji picha isikatike. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa mwongozo mwaka 1999 kuhusu mazungumzo ya lugha ya alama kwa video: picha 20 kwa sekunde zinatosha kuelewana vizuri, 25 hadi 30 ni bora zaidi, na zikishuka kufikia 12 tabu inaanza. Kinachopotea mapema ni herufi za vidole, kwa sababu ndizo zinazokwenda mbio.

Kupima ni rahisi. Mtu mmoja atoke nje ya duka na simu ya pili, mpigiane video ya WhatsApp kwa bando la laini itakayotumika nyumbani, si kwa Wi-Fi ya duka. Kiziwi aandike jina lake kwa vidole kwa kasi yake ya kila siku, asijipunguze. Vidole vikiacha ukungu nyuma yake, au mkono ukiruka kutoka kifuani hadi kwenye paji la uso bila kuonekana umepita wapi, kuna kasoro kwenye simu au kwenye mtandao. Badilisheni laini mrudie, mtajua kosa ni la nani. Kisha ingieni pembe ya duka yenye kiza mrudie tena. Kamera nyingi za bei nafuu hupunguza kasi ya picha mwanga ukipungua, na usiku nyumbani, taa moja ya ukumbini, ndipo watu wanapopata nafasi ya kuzungumza.

Angalieni na upana. Isimamisheni simu juu ya kaunta, kiziwi akae umbali wa mkono, aone kama viwiko vyote viwili vinaingia kwenye picha. Visipoingia, atalazimika kurudi nyuma kila siku, na akirudi nyuma uso unakuwa mdogo. Uso nao ni lazima usomeke: nyusi, mashavu na midomo ni sehemu ya sarufi ya lugha ya alama. Kisimamio cha plastiki ni bei ndogo na kinaachia mikono yote miwili huru, kwa hiyo kinunuliwe siku hiyo hiyo. Tena, ule ujumbe wa video wa duara wa WhatsApp haufai kwa kazi hii kwa sababu duara hukata mikono. Arekodi video ya kawaida aitume.

Kamera nzuri bila mtandao ni pambo tu. Simu iwe ya 4G, hilo halina mjadala, lakini kabla ya kuchagua laini waulize majirani wa kijijini, si watu wa mjini. Wapo watu ambao laini moja inawashika vizuri ukumbini na nyingine wanaifuata nje chini ya mwembe. Simu ya laini mbili inaondoa nusu ya tatizo hilo. Na kwenye vifurushi kuna jambo linalonikera: vile vya mchanganyiko vinamuuzia kiziwi dakika za kupiga ambazo hatozitumia hata moja, huku video inamla bando kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Achague cha intaneti pekee.

Sasa mtetemo. Watu huupima kwa kuishika simu mkononi, na mkononi kila simu hutetema. Itieni kwenye mfuko wa kanzu, au ndani ya mkoba chini ya buibui, mwenyewe atembee hatua kadhaa barabarani, kisha mpigieni. Ipigeni pia ikiwa na kava lake, kwa sababu kava nene la mpira hunyonya mtetemo. Kwa mwanga, iPhone na simu nyingi za Samsung zina mpangilio wa kuwasha tochi ya kamera ujumbe ukiingia, kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility), na Android 14 ya mwaka 2023 ilikuja na mpangilio wa aina hiyo ndani yake. Simu ikiwa haina, msikimbilie kupakua programu yoyote ya kuwasha tochi. Baadhi yao huomba ruhusa ya kusoma majina na ujumbe wako wote, na tochi haihitaji hayo.

Usiku ndipo mtetemo unapojulikana. Ramadhani wenye kusikia huamshwa na ngoma za daku zinazopita mitaani, au na jirani anayegonga dirisha. Kiziwi anayekaa peke yake anategemea simu, na simu iliyolazwa juu ya godoro la sponji inaweza kutetema mpaka adhana ya alfajiri bila yeye kugutuka. Wengine huilaza chini ya mto, na hilo ni sawa mradi haimo kwenye chaji. Simu inayochajiwa chini ya mto hukosa pa kutolea joto, na betri za lithiamu zikipata joto kupita kiasi zinaweza kushika moto. Kama pesa inaruhusu, saa janja ya bei ndogo inayotetema kwenye kifundo cha mkono inaamsha vizuri zaidi, na mchana anajua ameitwa hata kama simu iko chumbani. Ila ijaribuni na simu hiyo hiyo kabla ya kulipa.

Kuna mtego mmoja hapa ambao fundi ndiye hulaumiwa bure. Simu nyingi za Android za bei nafuu huzifunga programu zinazokaa kimya ili kuokoa betri. Ujumbe wa WhatsApp unaingia saa nne, simu inatetema saa saba mtu alipoifungua. Nendeni kwenye mipangilio ya betri, itafuteni WhatsApp, muiondolee vizuizi. Kazi ya dakika moja, lakini bila hiyo mtetemo wote niliousifu hauna faida.

Maandishi ya papo hapo ni msaada wa kweli, kwa anayesoma vizuri. Live Transcribe ya Google, iliyotoka mwaka 2019, husikiliza anayezungumza na kuandika maneno kwenye kioo, na Kiswahili kimo. Mmoja wa walioiunda, Dimitri Kanevsky, mwenyewe ni kiziwi tangu utotoni. Ijaribuni dukani: muuzaji aseme bei na masharti ya garantii kwa mwendo wake wa kawaida, msome kilichoandikwa. Kwa Kiswahili cha redioni hujitahidi. Msitarajie iandike Kimakunduchi, wala bibi wa Micheweni anayezungumza na watu watatu kwa pamoja. Hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa na intaneti na maikrofoni isiyozibwa na vumbi. Dukani na bandarini inatosha. Kwa daktari au mahakamani mtafuteni mkalimani, kwa sababu tarakimu moja ya dozi ikiandikwa vibaya hakuna wa kuikamata. Na wapo viziwi wengi ambao skuli haikuwapa nafasi ya kusoma Kiswahili cha maandishi sawasawa. Kwao video ina thamani kuliko programu yoyote ya kuandika.

Kwa anayevaa shimesikio, swali ni kama vifaa viwili vinaelewana. Atakuwa ameusikia ule mvumo wa zzz akipokea simu. Hutokana na mawimbi ya mtandao wa 2G, ambao simu hurusha kwa vipande vipande mara 217 kila sekunde, na shimesikio huokota mdundo huo. Kwenye 4G mvumo hupungua sana, ndiyo maana mtu anaweza kusikia vizuri mjini akavurugikiwa akifika shamba, simu ikishuka kwenye 2G. Kwenye boksi la simu, hasa za miaka ya nyuma, tafuteni alama M3 au M4, na T3 au T4. M ni kwa maikrofoni ya shimesikio, T ni kwa shimesikio lenye koili ndani yake, waya mdogo unaopokea sauti ya simu kwa sumaku, na namba kubwa ndiyo bora. Boksi halina alama? Simu za mtumba huja hata bila boksi. Basi mwenyewe avae shimesikio lake, apige simu, asikilize. Na asiibane simu kwenye tundu la sikio kama tulivyozoea: shimesikio la nyuma ya sikio lina maikrofoni yake juu, pale linapopinda, kwa hiyo spika ya simu ipandishwe mpaka pale. Wengi waliosema simu mbaya wangepona kwa kuisogeza sentimita tatu.

Bluetooth kwenye simu na Bluetooth kwenye shimesikio si ahadi kwamba zitaungana. iPhone ndizo zilizotangulia kuunganishwa na shimesikio maalumu. Android ilileta njia yake kwenye Android 10 ya mwaka 2019, lakini si kila simu yenye Android 10 inayo. Viungeni pale pale dukani, mwenyewe apige simu moja, ndipo pesa itoke.

Mzee aliyepungukiwa na masikio hana haja ya makubwa. Simu na mtandao wenye sauti ya VoLTE, yaani inayopita kwenye 4G, vitamfaa kuliko spika kubwa. Sauti ya simu ya kizamani hubeba masafa ya hezi 300 hadi 3400 tu, na sehemu kubwa ya s na f iko juu ya hapo. Njia mpya hufika hezi 7000. Ukipandisha sauti bila kuisafisha, mzee anasikia kelele kubwa zaidi, maneno yale yale hayapati. Ikiwa sikio moja limekufa, washeni sauti ya mono, ili akitumia spika za masikioni sauti yote ije upande mmoja. Kama hataki haya yote, kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, chenye mtetemo kinapokea ujumbe na pesa na hukaa na chaji siku kadhaa.

Chaji si jambo dogo kisiwani. Walioishi Unguja mwishoni mwa 2009 hadi Machi 2010 wanakumbuka takribani miezi mitatu ya kiza baada ya waya wa chini ya bahari kuharibika. Siku hizi umeme hukatika kwa saa, si kwa miezi, lakini video hula betri, na kiziwi asiye na chaji hana hata njia ya kupiga kelele kuita. Betri ya mAh 5000 na powabenki. Wa pwani na mvuvi wazingatie pia kwamba alama ya IP68, ya kuzuia maji, hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi hula tundu la chaji polepole.

Kabla ya kulipa, bonyezeni *#06#, namba ya IMEI, utambulisho wa simu yenyewe, itokee, muilinganishe na ya kwenye boksi, kisha muitume kwa ujumbe kwenda 15090 kuhakikisha si bandia. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizifungia simu bandia nchi nzima, na aliyekuwa nayo alibaki na kioo kisichopiga popote. Dai risiti yenye IMEI hiyo.

La laini nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linalofanywa kwa haraka. Laini isajiliwe kwa alama za vidole za kiziwi mwenyewe na kitambulisho chake, hata kama mkalimani atachelewa na foleni ni ndefu. Ikisajiliwa kwa jina la kaka, pesa zote zitakazoingia humo zitakuwa kwenye akaunti yenye jina la kaka, na siku ikipotea ni kaka atakayekwenda kuirudisha. Muulize pia wakala njia ya kupata msaada kwa maandishi, maana namba ya huduma kwa wateja inayojibiwa kwa sauti haina faida kwake. Kwenye WhatsApp aandike chini ya jina lake kwamba ni kiziwi, atumiwe ujumbe au apigiwe video. Na namba ya siri ya pesa aiweke mwenyewe, hapo hapo kwenye kiti cha wakala, kabla simu haijapita mkono wa mtu mwingine.